Mgonjwa kwa Niaba ya Sitati

Dada yangu Truphosa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Nakuru. Natumai wewe, shemeji Nicodemus na watoto mko salama huko Ndabibi, na kwamba mvua haikuharibu mahindi. Sisi tunapumua. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu Sitati husimama mlangoni kila nikishika simu.

Uliposikia kwamba nina ugonjwa wa sukari ulilia, nami nikakuacha ulie. Unisamehe. Mwenye sukari alikuwa mume wangu, Sitati. Alipozidiwa na kiu na kukojoa kila mara, alisafiri mpaka Longonot kupimwa, eti asionekane na mtu. Aliporudi hakuniambia amekatazwa kula nini wala dawa inamezwa vipi. Alisema tu nisimwambie mtu. Si unamjua, yeye ndiye kiongozi wa wanaume kanisani na msemaji katika kila harusi, na wenzake wanaamini kwamba sukari ikimshika mwanaume, kitandani amebaki wa kulala tu. Wiki hiyo hiyo akawatangazia kwamba mgonjwa ni mimi. Nilipomuuliza, alinijibu bila haya: "Mwanamke akiwa na sukari anaombewa. Mwanaume akiwa nayo anachekwa."

Basi nikawa mgonjwa. Chai ya nyumba hii ikawa haina sukari kwa ajili yangu, naye akasifiwa kwa kunivumilia. Akina mama wa kanisa wakaja kuniona wakiongozwa na Edinah, yule ambaye akianza kusali, chakula hupoa mezani. Wakanishauri nimsamehe kila aliyenikosea, kwani sukari huletwa na uchungu wa moyoni. Kisha wakaniachia walichombebea mgonjwa wa sukari: kreti ya soda, mikate, na sukari yenyewe kwenye mfuko. Watu wazima, dada, na wengine wao ni walimu.

Hizo soda zilipata kazi. Sitati alikataa katakata kukanyaga kliniki, kwa hiyo dawa zilichukuliwa na mimi, kwa jina langu. Kila Jumanne ya kliniki nilikunywa soda na kula mkate kabla ya kutoka, ili nikidungwa kidole kipimo kiwe juu na nipewe vidonge. Kilikuwa juu kila mara, nami nikajiona mjanja. Nikirudi nampa bwana mkubwa, anameza huku amefunga mlango wa jikoni, halafu anatoka kwenda kula nyama na wenzake na kuwasimulia jinsi anavyonitunza. Siku akijisikia vizuri hamezi kabisa.

Mwezi uliopita akapata kidonda kwenye kidole cha mguu. Hakusikia hata maumivu. Kiatu kilimchuna mpaka soksi ikagandamana na damu. Nikakumbuka mguu wa mama, ulivyooza kutokana na kidonda kama hicho, na jinsi sisi wote tulivyomzunguka tukisema amerogwa na jirani. Nilimsihi Sitati aende kliniki, akasema atapaka mafuta. Ndipo nikaenda kwa Cheruto, muuguzi wetu, nikamweleza yote, hata habari za soda. Nilitegemea anifukuze. Aliniambia tu nirudi kesho yake asubuhi bila kutia kitu mdomoni, ili aone kipimo changu cha kweli na kunitoa kwenye orodha ya wagonjwa.

Nilirudi na njaa yangu. Akanipima, akanipima tena kwa mashine nyingine, kisha akanituma maabara nitolewe damu ya mkononi. Majibu yalipofika alinivutia kiti. Dada, ninayo. Alisema hii si ya soda ya asubuhi moja, imekaa mwilini muda mrefu, pengine tangu siku ile ya kwanza nilipokwenda kudanganya. Dawa nilizokuwa nikimbebea Sitati zilikuwa zangu.

Nilipomwambia Sitati alisogea karibu nami, nikadhani anataka kunifariji. Kisha akauliza kama sasa wataongeza vidonge vitutoshe sote wawili. Nilicheka mpaka akatoka nje. Aliporudi nilimeza dawa mbele yake nikamwambia: "Hizi ni zangu. Zako ziko kliniki, nenda uziitishe kwa jina lako."

Tangu siku hiyo hatuongei. Jana alichechemea kwenda kuwaongoza wanaume wake, na akiulizwa anasema ni kiatu kipya. Nimemdharau, dada, na sioni haya kukuandikia hivyo. Kama anaona afadhali akatwe mguu kuliko achekwe, mguu ni wake. Mimi nimemaliza kuugua kwa niaba yake, sasa nina ugonjwa wangu wa kutunza.

Wewe nenda ukapimwe asubuhi kabla ya chai. Sisi ni damu moja na mama, na safari hii hakuna jirani wa kusingizia. Mchukue shemeji pia, hata akinuna. Wasalimie watoto wote, uwaambie mama mdogo yupo na anawapenda.

Ni mimi mdogo wako,
Nangila