Mume Wangu Anaogopa Vumbi la Mwezini

Mama Jedidah mpendwa, nakuandikia kabla sijapasuka, maana nyumba yangu imegawanyika kwa sababu ya mwezi, huu huu wa juu angani, na nikimweleza jirani ananicheka. Mimi naitwa Rael, nakaanga samaki na kuwauzia wachimbaji hapa Osiri, na mume wangu Mirumbe, mtu wa Ntimaru, ndiye anayesimamia mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mtu mpole tu, hajawahi kuniinulia mkono, ila akishika neno haliachi. Binti yetu Liz amemaliza kidato cha nne na amepita vizuri sana, sasa kuna mgeni aliwahi kufika shuleni kwao akawaambia kwamba iko siku watu wataishi mwezini, si kutembea na kurudi, kuishi kabisa, na kwamba kule mwili unakuwa mwepesi mpaka mifupa na misuli inapoteza nguvu, miale mikali inampiga mtu bila hewa ya kuizuia, na vumbi lake linakata kama chupa iliyosagwa, likiingia kwenye mapafu ni balaa, basi mtoto ametangaza kwamba anataka kusomea udaktari, halafu aendelee mpaka awe mtu wa kutafuta tiba ya hayo yote.

Mimi nilifurahi, Mama, daktari ni daktari. Lakini baba yake alisikia habari ya vumbi tu, mengine yote yakampita. Akaweka kikombe chini, maana kila jioni akitoka kwenye mashine, mweupe kwa unga wa mawe kutoka nywele hadi viatu, lazima anywe maziwa mengi ya kuosha kifua, wote pale machimboni hunywa, akaniangalia mimi badala ya mtoto akasema, "Mimi vumbi naijua. Huko mwezini kuna ng'ombe? Huyu mtoto ataosha kifua na nini?" Liz akajaribu kumweleza kwamba hajasema anahamia huko, kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa hapa hapa duniani, lakini baba yake alikuwa ameshaanza kukohoa, na siku hizi akianza kukohoa mazungumzo yanaishia hapo.

Tangu hapo amesema hatambariki kwenda chuo asipoachana na huo mwezi, Liz naye akachukua begi akaenda kwa dada yangu Risper kule Mbita, simu za babake hashiki. Mirumbe ananiuliza kama nataka kumlilia mtoto bila mwili wa kuzika, maana ni nani ataenda kuuchukua kule. Tena amechoka, kazini amebaki peke yake, mwenzake Gisiri alirudi Ntimaru akiwa amekonda sana, wanasema ni baridi ilimwingia, kwa hivyo zamu zote ni zake. Nisimame na nani, mume au mtoto? Nikishika mmoja nitampoteza mwingine.

Rael, Osiri

Mama Jedidah anajibu:

Rael, dada yangu, nilipofika kwenye ng'ombe wa mwezini nilicheka, sitakuficha. Kisha nikasoma tena na kicheko kikaniisha. Umeniandikia kwa kirefu habari za watu ambao hata nyumba zao huko juu hazijajengwa, na kikohozi cha mume wako umekipitisha katikati ya maneno kama jambo dogo.

Nianze na Liz kwa sababu yeye ni rahisi. Hajaomba kupelekwa mwezini, ameomba kusomea udaktari, na ataanza na malaria na miguu iliyovunjwa na bodaboda kama madaktari wengine wote. Mpigie Risper leo, akupe Liz kwenye simu, umwambie mama yake amembariki. Na yeye apunguze kiburi, ashike simu za babake. Mzazi anayeogopa kukuzika si adui yako.

Sasa tuje kwa vumbi. Maziwa, Rael, hata Mirumbe akinywa ya boma zima, yanaenda tumboni. Njia ya chakula ni yake na njia ya pumzi ni yake. Vumbi la mawe likishakaa kwenye mapafu linaacha makovu yasiyooshwa na kitu chochote, na kifua kikuu hupata nafasi kwa urahisi. Maziwa ni chakula kizuri, anywe, ila asiyaite dawa. Hofu aliyo nayo ni ya kweli kabisa, amemwekea tu mtu ambaye hajavuta hata chembe ya vumbi hilo. Nawe nimekukasirikia kidogo. Mumeo anarudi mweupe kila jioni, mwenzake amekonda, unaambiwa ni baridi na unaitikia.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hajawasha mashine, nendeni hospitali, apigwe picha ya kifua na makohozi yapimwe. Amweleze daktari kazi anayofanya, asiseme ana homa tu. Gisiri atumiwe ujumbe afanye vivyo hivyo. Wenye mashine walowanishe mawe kabla ya kusaga, avae barakoa nzito ya kuzuia vumbi, si kitambaa, na nguo za kazi asije nazo nyumbani. Daktari akimwambia aache mashine, aache. Samaki wako watawalisha mpaka apate kazi nyingine.

Najua atakataa. Atasema ni uchovu, atasema zamu hazina mtu. Usibishane naye tena juu ya mwezi, wala usikimbilie kuita wazee. Keti karibu naye umwambie yale uliyoniambia mimi juu ya kumpoteza mtu, lakini safari hii umtaje yeye. Anadhani nyumba nzima inamhofia Liz. Hajawahi kusikia kutoka kinywani mwako kwamba unaogopa kumzika yeye.