Gemu Lazima Icheze kwa Simu ya Shangazi

Jumanne jioni, Migosi

Ati tuwaache watu wa simu za zamani. Ouma, mwenzangu ninayetengeneza naye gemu, ameleta hilo wazo leo kama habari njema. Gemu yetu ya kufukuza kiboko shambani imechelewa, na wachangiaji wa ng'ambo wanatuita matapeli mtandaoni. Wanataka ya kompyuta itoke kwanza.

"Wale wa Kombewa wataelewa, bwana," akasema.

Wataelewa nini? Harambee ya kwanza ya kuchangia gemu hii ilikuwa kanisani kwao kijijini, na wengi wao wana simu hizo za zamani. Kwa harambee kila mtu husimama akatangaza ahadi yake mbele ya wote, na asipoitimiza anaulizwa hata sokoni. Mimi pia nilisimama. Niliinua simu ya shangazi yangu, ile imepasuka kioo, nikasema gemu itacheza kwa hii. Walipiga makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yangu.

Nikamwambia Ouma hapana. Akabeba laptop yake akaenda bila kuaga. Akiacha kabisa, sijui kama nitaweza peke yangu. Nisijidanganye, naogopa.

Lakini nimejaribu tena kwa simu ya shangazi, aliyoniachia kwa kazi hii. Jana ilizima kabla kiboko hajatoka majini. Leo ametoka, akafika hadi kwa mahindi, ndipo simu ikazima.

Sawa. Wanaotaka kuniita tapeli wapange laini nyuma ya shangazi. Yeye bado hajaniita.