Vijiti vya Bluberi vya Mama

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Dawa ya presha iko juu ya friji, uimeze ukishakula. Nikitoka zamu nitapitia sabuni.

Vile vijiti vya mti wa matunda ya bluberi nimevichomeka tena kwenye kopo, pale dirishani. Vinyunyizie maji tu. USIVIVUTE! Nisamehe kwa kukupandishia sauti asubuhi, tena jirani akisikia. Ila kukuta umeving'oa vyote, umevipanga mezani kama vijiko, eti unaangalia kama vimetoa mizizi, nilishindwa kujizuia. Mti wa marehemu Mama umeshakauka, hatuna pa kukata vingine. Wewe subira huna tangu zamani. Si ndiyo maana Mama alikuwa anakufukuza jikoni na mwiko, kwa kufunuafunua sufuria?

~~Hakuna kilichokuwa na mizizi, usijilaumu.~~

Hapana, sitakuficha. Kimoja kilikuwa na mzizi, mwembamba kama uzi, ukakatika ulipokivuta. Ndicho hicho nilichokifunga kitambaa chekundu. Nacho kipe maji, Baba. Hata Mama tulimnywesha mpaka mwisho.

Kitinda mimba wako