Supu ya Dengu Kichochoroni Bursa

Mama, shikamoo. Natumaini mvua ya Bigwa mwezi huu haijakurudishia maumivu ya magoti.

Juzi nilipokulilia kwenye simu kwamba naacha masomo narudi nyumbani, nilimaanisha. Jana nikaswali alasiri kwenye msikiti mkubwa wa zamani, ule wenye chemchemi ya kutawadhia ndani kabisa, katikati ya wanaoswali. Kisha nikakatiza soko la hariri kuelekea bweni, nikapotea vichochoroni. Mvua ikanikuta huko, na baridi inashuka kutoka kwenye mlima wenye theluji. Nikajibanza mlangoni kwa watu, natetemeka.

Mlango ukafunguliwa na mama mmoja mtu mzima. Akanishika mkono, akanikalisha karibu na jiko, akanipa supu ya dengu yenye ndimu. Kituruki changu unakijua, hakifiki popote. Akanielekezea kidole: "Misafir."

"Ndiyo, mama, msafiri," nikamjibu.

Akacheka, akaniongezea supu. Nilipoaga, akanionyesha Ijumaa kwenye kalenda, kisha akakipigapiga kile kiti nilichokalia.

Leo mwalimu wangu amenieleza kwamba kwao neno lile, misafir, ni mgeni, mtu wa kukaribishwa. Nimelia tena, ila si kama juzi.

Kwa hiyo mwambie baba asinikatie tiketi ya kurudi. Ijumaa nitakwenda kwa yule mama, nimpelekee kidogo ule mdalasini ulionifungia. Mungu akulinde mama, na usiende kubandua mdalasini peke yako kule mlimani kwetu.

Mwanao,
Zuhura