Jogoo wa Bwana Mifugo

Mtinko, Jumapili, 7 Juni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shangazi yako amemaliza kuvuna alizeti, nami nimezoea kujipikia ugali tangu bibi yako atutoke. Hotuba ya chanjo ya kuku unayojiandaa kuitoa nimeisikiliza kwenye simu. Unauliza kama wafugaji watakubali. Ina elimu nyingi, ila nilisinzia kidogo, nisamehe.

Mimi na bibi yako tukiwa bado maharusi, ugonjwa wa mdondo ulikuwa unamaliza kuku wa kijiji. Akaja bwana mifugo kijana, katoka chuoni. Tukamkabidhi jogoo wa heshima kabla hajasema neno. Hakujua kwamba angeweza kumpa mwenyeji amshikie, basi akatuhutubia huku jogoo yuko kwapani, karatasi mkononi. Kila akiinua karatasi kutueleza habari za virusi, jogoo alipiga kelele. Tulimsikiliza jogoo.

Mwishowe jogoo akamchafua shati. Tukaangua kicheko. Kijana akajitazama, naye akacheka.

"Asanteni, mmenipa mzima. Mwenye mdondo angenipaka kinyesi cha kijani."

Kicheko kikakatika. Bibi yako akasimama.

"Wangu wawili wanatoa hicho kijani tangu asubuhi. Waliobaki nawaokoaje, bwana mifugo?"

"Hao wawili watenge, dada. Wengine niletee sasa hivi niwachanje."

Alasiri yote kijiji kizima kilikimbiza kuku, na wengi walipona. Karatasi yake hakuimaliza.

Ukisimama mbele ya wafugaji, Neema, ukumbuke usingizi wangu na yule jogoo.

Babu yako