Upande Wako wa Jani

Mwanangu Kemi,

Simu ya Jumapili haikunitosha. Ulikuwa unaongea kwa simu ya matroni, wenzako wanakohoa nyuma yako makusudi ili umalize upesi, na mimi huku mdogo wako kaning'ang'ania titi. Nikabaki kusema "ehe, ehe" kama mtu asiye na akili zake. Ulipokata ndipo maneno yakaanza kuja. Na kuna jambo moja ulilisema juu juu ukalipita. Nitalijibu, lakini acha kwanza nitue mzigo.

Mtoto kalala. Ndizi za mchana ziko motoni. Nimekaa pale mlangoni kwenye kigoda. Mwandiko univumilie, darasa la saba ni zamani. Bahasha sitaibandika. Kama hapo shuleni au njiani kuna mama mwenye mtoto wa kuacha chakula, asome na yeye, huenda ikamsaidia.

Unalikumbuka jani la bibi yako? Bibi alikuja Igurwa kuolewa akitokea Muleba, lakini jiko lake alikuja nalo. Sahani anazo, zimejipanga kabatini zinasubiri wageni. Sisi wa nyumbani anatumiminia ndizi kwenye jani la mgomba, tunakaa kulizunguka, kila mtu anakula upande wake. Jani halifichi mtu. Upande wa ndugu yako Baraka ulikuwa unabaki safi kama umefuliwa. Wako ulikuwa unabaki na mlima.

"Waitu, jamani, huku mbona kumebaki mlima?" bibi atauliza, na anajua kabisa ni wa nani.

Baraka akakupa jina hilo hilo. Mlima, nipe maji. Mlima, unaitwa. Ulikuwa unacheka naye, ila mimi niliona unavyokaza taya.

Maharage ulikuwa unayamenya maganda, moja moja, mpaka bibi akasema, "Mtoto huyu anayavua maharage ya watu nguo." Dagaa hukutaka kwa sababu wana macho. Nikakuuliza, na senene je? Maana senene ulikuwa unawamaliza bakuli zima. Ukanijibu bila hata kutabasamu, "Senene wamefumba macho, mama." Nilikuwa nimeshanyanyua mwiko. Nikacheka, mwiko ukashuka.

Tuliendelea kucheka hivyo mpaka asubuhi ile ulipoanguka paredi.

Nilikukuta umekaa ukutani kwenye ofisi ya walimu, umeshika kikombe cha maji ya sukari, sketi umeishikiza kiunoni kwa pini mbili. Nikakubeba mgongoni mpaka kwenye bodaboda. Binti wa miaka kumi na tano, nimekubeba kama nilivyokuwa nakubeba ukiwa mchanga na mimi mwenyewe bado msichana. Mwalimu alidhani ninalia kwa sababu wewe ni mzito. Nililia kwa sababu sikuusikia mzigo.

Pale zahanati nesi alikupima uzito, urefu, damu, choo, akapima na yale yote ambayo watu wa kijijini walikuwa wameshakupima kwa midomo yao. Unajua walivyosema, mara mimba, mara ukimwi. Na mimi nilivyo na umbo dogo kama msichana, wengine walinidhani mama wa kambo anayekunyima chakula. Pale mashine ya kusaga kuna mama aliniuliza mbele yako, "Huyu ni wa mke mwenzio?" Nilimjibu, "Ni wa tumbo hili hapa," lakini maneno yale nilienda nayo mpaka nyumbani.

Majibu yalitoka safi, isipokuwa minyoo, na damu kidogo iko chini. Nesi akatoa dawa, akanigeukia. "Mama, huyu haumwi. Lakini uzito uko chini mno. Akiendelea hivi ataumwa kweli."

Na wakati huo ulikuwa umeshapata nafasi ya bweni, kidato cha tatu. Ulikuwa umeshaamua hata kitanda, unataka cha juu. Tukirudi, nikakwambia, "Bweni huendi mpaka nesi huyu aseme umefika."

"Mama, unanizuia shule kwa sababu ya ndizi?"

"Ndiyo."

Ulininunia sana, Kemi. Ulikuwa unanisalimia shikamoo kama unamsalimia karani. Mimi nilikuwa nawaza usiku na mchana kwamba huko mbali utaanguka, na atakayekuokota hatakujua.

Nikafanya walichofanya mama zetu, nikaongeza ndizi. Mlima ukakua. Nikakukalisha pale kwenye jani mpaka uumalize, ukaumaliza, ukaenda nyuma ya nyumba ukatapika wote. Gulioni Kayanga mama mmoja akaniita pembeni aniuzie vidonge, anasema mashavu yanajaa wiki moja tu. Ilibaki kidogo ninunue. Nikaona nimuulize kwanza nesi, akanikatia maneno hapo hapo: "Hivyo vinajaza uso maji na vinaharibu ndani. Unataka mtoto au unataka puto?"

Halafu ikaja likizo, nikakupeleka Mabira kwa mjomba wako. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Mtoto mchanga, shamba, bibi, na mlima wako kila mchana. Nikasema nipumue kidogo.

Nilipokuja kukuchukua, mke wa mjomba alinipokea njiani na uso wa aibu. "Wifi, nisamehe. Mtoto wako chakula hali kabisa. Ndizi hagusi. Nimejaribu mpaka nimechoka."

Nikamuuliza, sasa anashinda na nini?

"Hakuna. Maziwa tu. Akitoka kuchunga na mjomba wake anakunywa kikombe, jioni tena anakunywa. Na karanga, anakaanga mwenyewe anatembea nazo mfukoni. Na parachichi, analipasua anatia chumvi anachota na kijiko. Na mayai, kuku wangu siku hizi wakimwona wanakimbia. Lakini chakula, wifi, hapana."

Alisema yote hayo kwa huzuni kabisa, na mimi nikatikisa kichwa kwa huzuni vile vile. Ndivyo tulivyolelewa huku. Mtu akila wali, akala mkate, akala nyama, kama hajaona ndizi atakwambia ameshinda njaa. Tulisimama pale watu wazima wawili tunakusikitikia, na wewe ukatokea nyuma ya zizi unatafuna, na gauni lako la njano halipepei tena mabegani.

Nesi alipokupima akaangalia mzani, akakuteremsha, akakupandisha tena. Umeongezeka kilo mbili. "Umempa nini?" Nikamwambia, "Hakuna, dada, hata chakula hajala." Nikamhesabia kama nilivyohesabiwa. Yeye kwao siyo huku. Alicheka mpaka akashika meza.

"Nyinyi watu mtaniua. Mtoto amekula kuliko wewe."

Akatuambia kwamba ndizi ni nzuri, hajatukataza, ila tumbo la mtu asiye na hamu ni dogo na ndizi za kuchemsha zina maji mengi, zinalijaza kabla hajapata nguvu. Na chai ya rangi tuliyokuwa tunakupa kabla ya kula ili hamu ije, ndiyo ilikuwa inaifukuza. Akasema ule kidogo kidogo, mara nyingi, vyakula vyenye mafuta na nguvu, na hayo uliyojichagulia ndiyo hayo hayo. Kitu kipya ukionje tu, usilazimishwe. Uzito tupime kwa mwezi, siyo kila nikikutana na mzani wa duka. Mwisho akanigeukia mimi: "Na usimkodolee macho anapokula. Hata wewe ukitazamwa hivyo utashindwa kumeza."

Nikawaza jani. Kule Mabira kila mtu anachukua kikombe chake anaenda anakotaka.

Kumwambia bibi ndiyo ilikuwa kazi. Nilipiga magoti, nikasema, "Mama, naomba Kemi kwa sasa asikae kwenye jani." Akaniuliza, "Kwa hiyo jani langu ndilo limemkondesha mjukuu wangu?" Siku kadhaa hakunijibu vizuri. Wewe ukawa unakula uani, na asubuhi nakupikia uji wa ulezi kwa maziwa na karanga za kusaga, unakunywa kabla ya shule, saa nne una yai na parachichi kwenye kopo. Chai ikahamia mwisho.

Usidhani nimesahau siku mbaya. Kuna asubuhi ulisukuma uji ukasema unanuka moshi. Kweli ulikuwa unanuka moshi. Nikakwambia, "Uji hautoki hapa, na mimi sitoki, lakini sikutazami." Nikakugeuzia mgongo nikapukuchua maharage. Nilipukuchua mpaka nikaanza kupukuchua yaliyokwisha pukuchuliwa. Nyuma yangu kimya, kimya, halafu nikasikia kikombe kinawekwa chini. Sikugeuka. Uliona mabega yangu yalivyoshuka? Sijui. Mimi niliyasikia.

Halafu Jumapili moja bibi akakuita mwenyewe. Ndizi ziko kwenye jani, moshi unafuka. Upande wako alikuwa ameweka ndizi kidogo, amezisonga na karanga, na parachichi zima amelimenya amelipasua pembeni. Ulisimama mlangoni hujui uingie au urudi. Bibi akajizungusha pale pale alipokaa, akatazama ukuta.

"Kaa. Mimi siangalii."

Akala mlo wake anatazama ukuta, mkono unapapasa nyuma kutafuta jani. Baraka naye akageukia ukutani, akaanza kucheka, baba yako akageuka, na mimi nikageuka. Familia nzima tunakula tumeupa mgongo mlo kama watu waliogombana. Ukacheka na mdomo umejaa. Tulipogeuka, upande wako ulikuwa umebaki na matonge mawili hivi. Baraka akasema tu, "Kemi, nipe maji." Na jina lile likaishia hapo.

Desemba nesi akapiga hesabu zake akasema, "Haya, mpelekeni. Bado ana safari, lakini yuko njiani." Nilimwambia asante, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la wajawazito, nikapumua. Wewe ulidhani nimekasirika.

Siku nilipokuacha hapo bwenini nilikaza uso. Nikakuonyesha kopo la karanga na unga wa uji sandukuni, nikakwambia ugali wa shule ule, ukishindwa wote kula nusu, kisha karanga. Kwenye basi kurudi nikaanza kuona sura yako na ukuta ule wa ofisi na kikombe cha maji ya sukari. Wiki zote hizi simu ikilia namba nisiyoijua, moyo unapasuka kabla sijaipokea.

Sasa Jumapili simu ikalia hivyo, kumbe ni wewe. Shikamoo mama. Bibi hajambo? Baraka asiguse vitabu vyangu. Ugali nimeuzoea, maharage bado nayamenya ila kuna rafiki yangu anakula maganda. Halafu ukasema, "Na sketi imerudi, mama. Nadhani ni maji ya huku, yana chumvi. Inanibana kiunoni, kifungo hakifiki." Kisha mara moja ukaanza habari za mtihani, na mimi nikasema ehe, ehe.

Kemi, sketi haijarudi.

Unakumbuka tulivyoenda Bugene kwa fundi na sketi yako ya shule? Ulikuwa nje umembeba mdogo wako unamwonyesha pikipiki. Fundi alikuwa ameshakupima kiuno, akalinganisha na sketi, akachukua mkasi. Akasema, "Hapa natoa kitambaa chote hiki, mama, huyu hahitaji." Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Usikate. Kunja, ushone kwa mkono, nyuzi ndefu. Mwenye sketi bado anakuja." Akaniona wa ajabu, lakini akakunja.

Kwa hiyo usimwombe mtu sketi, na kifungo usikihamishe. Chukua wembe kwa matroni, geuza sketi ndani nje. Pande zote mbili za kiuno utaona nyuzi nyeupe, kubwa kubwa. Zikate taratibu. Kitambaa chako kiko humo, vidole vinne kila upande. Nilikuwekea.

Bibi anakusalimia. Anasema bado anatazama ukuta. Ndizi zimeiva na mtoto ameamka, naenda kula.

Mimi mama yako,
wa tumbo hili hapa.