Spika Mbili za Nyuma

Ekerenyo, 3 Februari 2025

Mpenzi Baba Bonareri,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Kila nikishika kalamu mtoto anaamka, na akilala mimi nimeshalala kabla yake. Hatujambo. Bonareri ana meno mawili na ameanza kuniuma nikimnyonyesha. Mama yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua wakati wa kuchuma majani lakini hakubali kubaki nyumbani. Wewe je, baridi ya Hamburg imekuachia vidole?

Hii habari ningekupa kwa simu, lakini unajua simu ya hapa huwekwa mezani na sauti ikafunguliwa, kila mtu akachangia. Haya siyo ya meza.

Zile spika tano ulizopewa na mkubwa wako alipostaafu zilifika salama, pamoja na ile rekodi ya muziki wa ukumbini kwenu. Kwanza nilizipanga zote ukutani kando ya televisheni, moja juu ya nyingine, vile wanavyopanga za matanga. Mama alisikiliza kidogo akauliza, watu wote hawa wanasukumana mlangoni na hakuna hata mmoja wa kuimba? Ndipo nikatafuta ule mchoro wako. Tatu mbele, mbili nyuma, kiti katikati. Nikakaa. Nilikuwa nimeshika nepi chafu na sikuzifua mpaka muziki ukaisha. Fidla zilikuwa kushoto kwangu, zile kubwa zenye sauti ya ng'ombe kulia, halafu mtu akapuliza tarumbeta mgongoni kwangu nikageuka nione ni nani ameingia bila hodi. Siku hizi naweka kila siku baada ya chakula cha mchana. Bonareri hulala, nami napata dakika arobaini ambazo hakuna anayeniita.

Sasa jambo lenyewe. Nyuma ya nyumba, pale migomba inapogusana na ukuta wetu wa mabati, baba yako analima. Wiki tatu sasa analima hapo hapo, hata hakuna tena jani la kulima. Muziki ukianza anakuja, anaegemea jembe karibu na spika za nyuma, ukiisha anaenda zake. Nilimwona kupitia dirisha nikarudi haraka. Juzi alipita njiani akivuma wimbo, nikacheka peke yangu jikoni. Anavuma zile tarumbeta mbili tu. Tuu-tuu, kimya kirefu, halafu tuu. Ukuta unampa ya nyuma peke yake. Ameshika majibu yote na maswali hajawahi kuyasikia.

Ningeliacha hivyo, lakini mama alimpeleka Kisii kwa daktari wa masikio. La kushoto limekwisha. La kulia linafuata, na daktari hafikirii litamaliza mwaka. Kuna kifaa cha kuvaa, amekikataa. Amesema yeye si redio.

Nataka ausikie wote, hata mara moja, akiwa ameketi katikati kama mimi. Nifanyeje?

Mkeo,
Mama Bonareri


Hamburg, 26 Februari 2025

Mama Bonareri wangu,

Pokea salamu, wewe na hayo meno mawili. Mimi ni mzima, vidole vyote kumi ninavyo.

Barua yako nimeisomea stoo ya ukumbi wa muziki, kati ya viti. Siku ile ya kurekodi nilipanga viti themanini na viwili jukwaani, kisha wakataka viwili zaidi kwenye roshani ya nyuma kwa wale wa tarumbeta. Mimi nilisimama chini yao, nimeushika mlango tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukiachwa unalia na pale kuna maikrofoni. Muziki wenyewe umetungwa hivyo. Wa mbele wanauliza, wa nyuma wanajibu. Kwa hiyo umemwelewa baba sawasawa.

Jibu langu ni rahisi. Mwite ndani. Hayo ya mzee kutokanyaga nyumba ya mwanawe aliyeoa ni ya zamani, mchungaji mwenyewe ameyasema kanisani. Mkalishe kwenye kiti, wewe toka nje na mtoto, basi. Asipokubali, hamisha spika umpelekee kwake.

Edinah, alinisomesha ualimu nikaja huku kubeba viti. Siku ya kuondoka alinipa mkono bila kunitazama. Nataka asikie walioketi juu ya hivyo viti. Fanya haraka, tafadhali.

Mumeo,
Baba Bonareri


Ekerenyo, 30 Machi 2025

Baba Bonareri,

Natumaini u mzima. Sisi tuko, mvua imeanza na nepi hazikauki. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira, kwa hiyo nivumilie.

Wewe uko mahali ambapo baba mkwe wako ni picha kwenye simu. Mimi wangu namwona kila asubuhi. Mchungaji hakai hapa. Mtoto akipata homa wiki ambayo babu yake aliingia humu, ni mimi nitakayetazamwa kisimani. Na hata ningekuwa siogopi maneno, kuna yeye. Chinsoni, hiyo heshima ya wakwe, unaijua. Mzee hapaswi hata kukaribia dirisha la mke wa mwanawe, na huyu anasimama ukutani kwangu dakika arobaini kila siku ya Mungu. Nikimbebea spika nimpelekee, nitakuwa nimemwambia nini? Nitakuwa nimemwambia, Baba, nilikuona.

Nilidhani nina akili kukushinda, nikajaribu kwa upole. Nilimpelekea uji, nikaweka kikombe mbali kidogo kama inavyotakiwa, nikasema nikitazama chini kwamba Haron ametuma muziki mzuri, kama angependa tungeuleta huku kwao. Akasema, "Mambo ya redio ni ya vijana." Hakunywa ule uji.

Leo ni siku ya kumi na moja. Hajafika migombani. Naongeza sauti mpaka mabati yanatetemeka, Bonareri analia, lakini hakuna mtu. Magugu yameota pale alipokuwa akisimama. Kosa ni langu, na sikio lile halinisubiri nijifunze.

Usinitumie ushauri tena. Nitumie waya, mrefu, mita ishirini kwa kila spika.

Mama Bonareri


Hamburg, 18 Aprili 2025

Mama Bonareri,

Salamu kwa wote, na pole kwa mvua. Uliyosema ni kweli na yamenichoma. Nimeomba likizo, wamesema Desemba. Waya nimempa Geoffrey, yule wa duka la vifaa vya ujenzi hapo sokoni, alikuja huku kumtembelea dada yake na anarudi wiki ijayo. Sitauliza ni za kazi gani.

Mpe baba salamu zangu. Au usimpe. Wewe unajua.

Baba Bonareri


Ekerenyo, 2 Juni 2025

Mpenzi Baba Bonareri,

Salamu nyingi. Sote tu wazima, na Bonareri anatambaa, jambo ambalo ndilo lililotuokoa.

Nilimwambia mama kwamba sakafu hii ya udongo inamla mtoto magoti, lazima iwekwe simiti. Ni kweli pia. Alhamisi iliyopita fundi Nyamweya akaja asubuhi na sururu, na ili achimbe ilibidi kila kitu kitoke nje. Kitanda nilikificha nyuma ya choo na kukifunika vizuri. Vingine vyote niliweka uani. Spika tatu juu ya stuli upande wa lango, mbili juu ya madebe yaliyopinduliwa upande wa migomba, waya nikazipitisha chini ya mikeka, na kile kiti kikubwa nikakiacha katikati, kana kwamba nilichoka kukibeba. Nyamweya akauliza ni nani amekufa. Nikamwambia vitu vinapigwa jua.

Mama sikumweleza chochote. Alisimama akatazama hizo spika zimezunguka kiti, akanitazama mimi, kisha akaita kwa sauti ya kugomba, "Baba Haron! Hebu njoo uketi hapa ulinde vitu vya watu, kuku wasinye juu yake. Sisi tunampikia fundi."

Mzee akaja. Kupewa kazi ya ulinzi hakuna aibu ndani yake, na uani si nyumbani kwa mtu. Akaketi. Mimi nikasema, nikimwambia mama, kwamba wacha nijaribu kama mashine haikutikisika ikaharibika. Nikawasha, nikaingia jikoni kumenya ndizi.

Haron, nitakueleza nilivyoona kupitia mlango. Mwanzoni hakusogea. Fidla zilipoanza aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa na asiyemfahamu. Tarumbeta zikajibu kule migombani, na hizo anazijua, mdomo wake ulikuwa ukizitangulia. Halafu mbele wakauliza tena. Hapo alicheka. Akamwambia mama, "Kumbe kulikuwa na watu mbele."

Sikio lake ni moja, na moja haliwezi kusikia pande zote. Kwa hiyo akaanza kugeuza kiti. Kidogo kidogo, akikiburuta kwa visigino, analipa lile sikio la kulia spika moja, kisha inayofuata, kama mtu anayegeuza hindi kwenye makaa lisiungue upande mmoja. Alizunguka mara mbili kabla ya muziki kuisha. Nyamweya alikuwa ameacha sururu muda mrefu.

Nilidhani imekwisha hapo, nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Lakini alimwita mama na kumwambia amwambie Mama Bonareri arudishe mwanzo kabisa, kabla hawajaanza kupiga. Nikarudisha. Hapo hakuna muziki, ni ukumbi tu, watu wanajiweka sawa. Akasema tena. Nikarudisha. Mara ya tatu aliondoka kitini akaenda kuinama kwenye spika moja ya nyuma, sikio karibu ligusane nayo. Kisha akasimama wima, akasema bila kumtazama yeyote kati yetu:

"Huyo anayekohoa kule mlangoni, mtu amwambie avae sweta."

Mama aliacha mwiko chini akaenda kuinama pale pale. Nikarudisha mara ya nne bila kuambiwa. Mimi nimesikiliza hiyo kitu tangu Januari nikifua nepi, na kile kikohozi nilikichukulia kama mlango. Yeye alikitambua kupitia mabati, kwa sikio moja. Miezi yote hii nilidhani anafuata tarumbeta.

Ni wewe, sivyo? Kama kifua hicho bado unacho, nenda hospitali kabla hujajibu barua hii. Usiniambie u mzima, ulishaniambia hivyo Februari.

Jumamosi alimwambia mama wapitie Kisii wachukue kile kifaa cha sikio. Hakutoa sababu na hakuna aliyeiuliza. Anapita uani kwangu sasa, anamsalimu mtoto kwa sauti ili nijue yuko. Jana aliuliza hewani kama ule mwanga wa jua umetosha vile vitu au vitahitaji kutolewa tena. Nikajibu nikimwambia Bonareri kwamba simiti haijaisha, kwa hiyo vitatoka.

Na kweli haijaisha. Nyumba ni shimo, tunalala na mtoto jikoni kwa mama. Kwa hiyo sikiliza ninavyohitaji, usipunguze hata kimoja:

Simiti mifuko minane, ongea na Geoffrey aniletee kutoka dukani, siyo ile iliyoloa.

Karatasi ya nailoni pana ya kufunika spika, maana mvua hapa inakuja saa nane na haibishi hodi.

Soksi nene za Bonareri, za mtoto wa mwaka mmoja na nusu, akue ndani yake.

Betri ndogo za kifaa cha baba, zile bapa zenye karatasi ya kahawia, namba 312, za mwaka mzima.

Picha yako ukiwa umevaa sweta, imechapishwa, ya mkononi siyo ya simu.

Na rekodi nyingine, ya ukumbi ule ule, umesimama mlango ule ule. Usikohoe kwa makusudi, atajua.

Mkeo,
Mama Bonareri